Aliyeacha kula hakuacha kwa kiburi: tuzungumze maradhi ya ulaji

Dada_Mkubwa (mwanzisha uzi)

Habari zenu wakuu.

Kuna jambo nimelibeba miaka kadhaa, leo nimeona nilitue hapa jamvini. Ni maradhi ya ulaji. Mtu anajinyima chakula mpaka mwili unakwisha. Mwingine anafakamia kwa siri kisha anakwenda kujitapisha. Mwingine anakula mpaka tumbo linamuuma, analala akilia, na kesho yake anarudia. Watu wanayaita deko, urembo, ulafi, kiburi. Ni maradhi, yana tiba, na yasipotibiwa yanaua.

Aliyeugua ni mdogo wangu wa kike. Nitaeleza niliyoyaona, niliyoambiwa na waliomtibu, na niliyosoma usiku nilipokuwa sipati usingizi. Ila naomba jambo moja kabla hatujafika mbali: humu tusitaje kilo, tusitaje kalori, na tusielezane mbinu alizotumia mtu kupungua. Mgonjwa akikuta namba anajipima nayo, na akikuta mbinu anaichukua. Hilo nimelishuhudia.

Kilichotuchelewesha sisi ni sifa. Alipoanza kupungua kila aliyemwona alimsifia. "Umependeza!" "Tupe siri na sisi." Mimi dada yake nilimwomba aniandikie anachokula. Na nyumbani yeye ndiye alikuwa anapika, anapakua, halafu anasimama mlangoni kututazama tunavyokula. Ukimuuliza, amekwisha kula jikoni. Nilidhani ni upendo.

Siku moja nilikaa karibu naye mezani. Alichukua kipande kimoja cha mkate akakikata vipande 16. Nilivihesabu. Akavipanga ukingoni mwa sahani, kimoja kimoja, na mpaka sisi tumemaliza kula na vyombo vimeoshwa alikuwa amekula viwili. Ilikuwa saa saba mchana, jua kali, naye amevaa sweta na kucha zake zimekuwa na rangi ya bluu. Mikononi alikuwa ameota malaika, vile vinywele laini kama vya kitoto kichanga. Baadaye daktari alinieleza kwamba mwili uliokosa mafuta unajaribu kujifunika wenyewe ili usipoteze joto. Siku ile sikujua. Nilimwambia tu, "Si ule?" Akanitazama kama mtu aliyeambiwa aruke ghorofani.

Tulipofika hospitali daktari alimhesabia mapigo ya moyo, akanyamaza, akahesabu tena. Moyo ulikuwa unapiga taratibu mno. Moyo ni msuli, na mwili wenye njaa ya muda mrefu unakula misuli yake, huo ukiwemo. Shinikizo la damu lilikuwa chini, akisimama ghafla macho yanamwingia giza. Hedhi ilikuwa imekatika miezi mingi na alikuwa ametuficha. Chakula kidogo alichokula kilikaa tumboni muda mrefu kwa sababu tumbo nalo lilikuwa limepunguza kasi, kwa hiyo aliposema "nimeshiba" baada ya vijiko vitatu alikuwa anasema kweli.

Nikataka ashibishwe siku hiyohiyo. Muuguzi akanishika mkono. Akaniambia mtu aliyekaa na njaa muda mrefu ukimjaza chakula kwa pupa unaweza kumuua, kwa sababu mwili unapoanza ghafla kutumia chakula unavuta fosfeti, potasiamu na magnesiamu kutoka kwenye damu kuingia kwenye seli, na damu ikiishiwa na madini hayo moyo unavurugika. Baada ya Vita Vikuu vya Pili walikuwapo wafungwa waliookolewa wakiwa hai, kisha wakafa baada ya kulishwa. Ndiyo maana walianza naye kidogokidogo huku wakimpima damu kila siku.

Nitaendelea. Karibuni kwa maswali.

Mzee_wa_Zamu

Pole sana dada, na hongera kwa kusimama na mdogo wako. Ila niseme lililo moyoni bila nia mbaya. Mimi nimekua nikijua njaa ni njaa, na mwenye njaa akiona chakula anakula. Huyu kawekewa chakula mezani na hali. Si ni uamuzi wake? Akiamua kula, si ugonjwa umekwisha? Nielewesheni, maana hapa ndipo ninapokwama.

Dada_Mkubwa

Kaka, nakushukuru kuliuliza waziwazi. Nami nilikwama hapohapo.

Novemba 1944, huko Marekani, mtaalamu mmoja anayeitwa Ancel Keys wa Chuo Kikuu cha Minnesota alichukua vijana 36 wa kiume. Walikuwa wamekataa kubeba silaha kwa sababu ya imani zao, wakajitolea kwa njia hii ili ijulikane watu waliopigwa na njaa ya vita walishweje warudi kuwa wazima. Walichunguzwa kwanza, wakachaguliwa wenye afya ya mwili na akili. Hakuna aliyekuwa anatafuta wembamba. Kwa wiki 24 wakapunguziwa chakula karibu nusu ya walichokuwa wakila.

Wakabadilika. Walianza kuzungumzia chakula asubuhi mpaka usiku na kukiota usingizini. Wanaume ambao mapishi hayakuwahusu wakawa wanakusanya vitabu vya mapishi na kuvisoma. Mlo mdogo walikaa nao muda mrefu, wakiukatakata na kuuchezea, wengine wanalamba sahani. Walisikia baridi kipindi cha joto. Wakawa wakali, wapweke, wenye huzuni, marafiki hawawataki tena. Na waliporudishiwa chakula, baadhi walikula mno na bado wakasema hawashibi, kwa miezi.

Niliposoma hapo niliweka simu chini. Ule mkate wa vipande 16 ulikuwa mlemle. Kumbe tabia niliyodhani ni ya mdogo wangu ilikuwa ya njaa yenyewe, ingempata yeyote.

Kwa hiyo "uamuzi" unaweza kuwepo mwanzoni kabisa, siku ile mtu anaposema apunguze kidogo, au anapoacha kula kwa msiba, kwa homa, kwa mitihani. Wengi wakifanya hivyo hurudi kula baada ya wiki chache. Kuna wachache ambao mlango unafungwa nyuma yao. Sehemu ya sababu wanazaliwa nayo. Mwaka 2019 ulitoka utafiti uliopima vinasaba vya watu karibu 17,000 waliougua anoreksia, ndio huu ugonjwa wa kujinyima chakula aliougua mdogo wangu, zikapatikana sehemu 8 zinazohusiana na ugonjwa huo, na uhusiano haukuwa na mambo ya akili peke yake, ulikuwa pia na namna mwili unavyotumia sukari na mafuta. Mlango ukishafungwa, njaa inalisha hofu ya chakula na hofu inaongeza njaa. Mdogo wangu aliniambia baadaye, "Nilikuwa naota chakula kila usiku. Nikikiona mezani moyo unanienda mbio kama nimeona nyoka."

Ndiyo maana waliomtibu hawakusubiri kwanza "apate akili" ndipo ale. Chakula kilitangulia, kama dawa, kwa saa. Mazungumzo yaliyofaa yalianza ubongo uliposhiba. Kabla ya hapo nilikuwa nazungumza na njaa.

Mzee_wa_Zamu

Nimekusoma dada. Hapo kwenye kuzungumza na njaa nimeelewa. Naondoa neno langu la uamuzi.

Mwl_Subira

Niongezee kidogo, maana wapo wanaosema haya ni magonjwa ya simu na mitandao. Si kweli kwamba yameanza juzi. Mwaka 1873 madaktari wawili, William Gull wa London na Charles Lasègue wa Paris, kila mmoja kwa upande wake, walieleza wasichana waliokuwa wakikonda kwa kukataa chakula bila kuwa na kifua kikuu wala ugonjwa mwingine wa mwili. Hapo hapakuwa na runinga.

Lakini mazingira yanachochea, hilo nalo tusilifiche. Mfano unaonigusa kama mwalimu ni wa Fiji. Katika eneo moja la visiwa hivyo runinga iliingia mwaka 1995. Mtafiti Anne Becker aliwahoji wasichana wa shule mwaka huohuo, akarudi kuhoji kundi lingine mwaka 1998. Mara ya kwanza hakuna aliyesema anajitapisha ili apungue. Mara ya pili walikuwa asilimia 11.3. Na hiyo ni jamii ambayo mwili wenye nyama uliheshimiwa, mtu akipungua watu wanamuulizia hali yake.

Miaka 3 tu, wakuu. Mimi darasani sikubali tena mwanafunzi ataniwe mwili, hata kwa upendo, na walimu wenzangu nao nimewaomba hivyo.

Kivuli_Changu

Samahani naandika bila jina langu la kawaida.

Mimi siyo mwembamba. Mwili wangu ni wa kawaida, hakuna anayenishuku. Lakini mara kadhaa kwa wiki nafunga mlango nakula kila kilichopo, hata kisicho kitamu, hata kilichoganda, kama vile mikono si yangu. Nikimaliza aibu inanijaa naenda kujitapisha. Ni mwaka wa sita. Mashavu yangu yamevimba pembeni chini ya masikio, watu wanasema nimenenepa uso, nami nikisikia hivyo najinyima zaidi. Meno yanauma nikinywa kitu cha baridi. Wiki iliyopita moyo ulirukaruka mpaka nikakaa chini.

Najua mtasema nikamwone daktari. Naogopa ataniona sina ugonjwa kwa sababu sijakonda.

Sista_Zuhura

Mpendwa, mimi ni muuguzi. Asante kwa kuandika, na sitakuacha uende na wazo hilo la mwisho.

Ulichonacho kina jina na kinafahamika. Kinaitwa bulimia. Gerald Russell, daktari wa Uingereza, alikieleza mwaka 1979 baada ya kuwakusanya wagonjwa 30, na wengi wanaougua wana uzito wa kawaida kama wako. Daktari anayeujua ugonjwa huu haangalii mizani peke yake.

La haraka ni moyo. Kutapika mara kwa mara kunatoa potasiamu mwilini, vivyo hivyo dawa za kuharisha na za kukojoza, na moyo hauwezi kupiga kwa mpangilio bila potasiamu. Mtu anaweza kuonekana mzima kabisa na damu yake iko hatarini. Kwa hiyo wiki hii, si mwezi ujao, omba kupimwa potasiamu na madini mengine ya damu, na kipimo cha umeme wa moyo. Moyo ukirukaruka tena, ukizimia, misuli ikilegea au kukakamaa, ukitapika damu au kifua kikakuuma ghafla, hiyo ni dharura, nenda saa hiyohiyo hata kama ni usiku.

Hayo mashavu ni tezi za mate, zinavimba kwa kutapika. Siyo unene. Ukiacha kutapika zitapungua, ingawa siku za mwanzo zinaweza kuvimba zaidi. Nakuambia mapema usije ukakata tamaa ukafikiri matibabu yanakuharibu uso. Meno yanaliwa na asidi ya tumbo. Ikitokea umetapika, usipige mswaki papo hapo, maana meno yamelainika na mswaki utayakwangua. Sukutua kwa maji usubiri. Na mweleze daktari wa meno ukweli. Mara nyingi wao ndio wa kwanza kuona, kwa sababu nyuma ya meno ya juu panasema wazi.

Kuhusu tiba, njia inayosaidia wengi zaidi ni mazungumzo ya kitaalamu yanayolenga fikra na tabia, kwa miezi kadhaa, na wengine huongezewa dawa iitwayo fluoksetini. Na jambo la kwanza utakaloambiwa litakushangaza: kula. Milo 3 na vitafunio katikati, kwa saa, usikae muda mrefu bila kitu. Kwa sababu kule kufakamia kwako usiku kunaanza asubuhi unapojinyima. Mikono ile unayosema si yako ni ya njaa, kama alivyoeleza Dada Mkubwa.

Kivuli_Changu

Nimesoma mara tatu. Hiyo ya asubuhi ndiyo maisha yangu. Sijawahi kuiona hivyo.

Baba_Pacha

Wakuu, na sisi wanaume tupo. Mimi sitapiki. Mimi nakula tu, usiku, peke yangu, haraka, bila njaa, mpaka naumia, halafu nachukia kujiona. Nilifikiri ni ulafi nikaendea maombi na kila aina ya mlo wa kupunguza unene. Kila nikimaliza mlo huo narudi pabaya zaidi. Daktari aliyenisaidia aliniambia hali hii ilielezwa na Albert Stunkard tangu 1959, lakini mwongozo wa Marekani unaotumiwa na madaktari wa akili uliipa nafasi yake kamili mwaka 2013. Katika mwongozo huo, ikitokea walau mara moja kwa wiki kwa miezi 3, nawe umeshindwa kujizuia na unaumia moyoni, ni ugonjwa. Mwaka huohuo wa 2013 ndipo walipoondoa sharti la kukatika hedhi kwa anoreksia. Fikirini mwanaume alikuwa anaingiaje hapo.

Mwanangu wa kiume naye nimeanza kumtazama vizuri. Siku hizi anajipima misuli kwenye kioo kila akipita, anakula aina tatu tu za chakula, akikosa mazoezi siku moja anakosa raha nyumba nzima. Simpigii kelele, ila sitasubiri.

Mama_Jioni

Shikamooni wakubwa, wengine nawasalimu. Nina binti wa miaka 15. Amepungua sana tangu likizo, anasema hali nyama, kisha akaacha maziwa, kisha mkate, sasa sijui anakula nini. Akimaliza kula anaenda kuoga na maji yanamwagika muda mrefu. Jana nilimpigia kelele mezani mbele ya wadogo zake, akainuka. Leo hajanisemesha. Nifanyeje? Nimechelewa?

Dada_Mkubwa

Marahaba mama, na pole. Hujachelewa. Wanaotibiwa mapema, hasa wakiwa na umri huo, ndio wanaopona vizuri zaidi. Ila usisubiri likizo nyingine.

Usizungumze naye mezani. Mezani anapigana vita tayari. Mtafute mkiwa wawili, mkitembea au mkiwa garini, pale ambapo hamtazamani uso kwa uso. Usianze na mwili wake. Ukisema "umekonda" anasikia sifa. Ukisema "sasa umependeza, una afya" anasikia amenenepa. Sema ulichokiona: "Naona hulali vizuri, unasikia baridi, hucheki kama zamani, na nasikia maji bafuni kila baada ya kula. Naogopa. Hujanikosea." Atakataa, pengine atakasirika. Mdogo wangu alinifukuza chumbani kwake mara mbili. Usibishane naye, mwambie utampeleka apimwe kwa sababu wewe ni mama yake, basi.

Na usijilaumu. Zamani wazazi, hasa mama, walibebeshwa lawama na kuwekwa mbali na mgonjwa. Miaka ya 1980 wataalamu wa hospitali ya Maudsley, London, waligeuza mambo, wakawafanya wazazi kuwa sehemu ya tiba, na kwa vijana wa umri wa binti yako hiyo ndiyo njia iliyothibitika zaidi mpaka leo. Mzazi anashika chakula kwa muda: anapanga, anapakua, anakaa naye mpaka amalize, anakaa naye baada ya kula ili asikimbilie bafuni. Kadiri anavyopona anarudishiwa uamuzi kidogokidogo. Inachosha, sikudanganyi. Tulikaa na mdogo wangu mezani dakika 90 kwa mlo mmoja, tukizungumza habari za kila kitu isipokuwa chakula, na mama alikuwa akirudia maneno yaleyale kwa sauti ileile, "Najua ni vigumu. Chukua kingine." Mara nyingine sahani iliishia ukutani. Kesho yake tulikaa tena.

Sista_Zuhura

Mama Jioni, ukifika kwa daktari usiruhusu aangalie uzito tu akasema "mbona wa kawaida". Mtoto aliyekuwa na mwili mkubwa akapungua kwa kasi anaweza kuwa na moyo uliopungua mapigo sawa na yule aliyekonda kabisa. Omba apimwe mapigo na shinikizo la damu akiwa amelala kisha amesimama, joto la mwili, potasiamu, fosfeti, magnesiamu, sukari, na umeme wa moyo. Mwambie daktari hedhi ya mwisho ilikuwa lini.

Hedhi ikiwa imekatika, waulize na habari ya mifupa. Umri wake ndio wa kujenga mifupa ya maisha yote, na inayopotea sasa hairudi yote. Kuna wanaopewa vidonge vya uzazi wa mpango ili damu ionekane kila mwezi, familia ikafurahi kwamba amepona. Vidonge hivyo havirudishi mifupa. Kinachorudisha ni chakula na uzito, na hedhi inayokuja yenyewe.

Lingine, muulize binti, ukiwa peke yako naye, kama anawaza kujidhuru. Kumuuliza hakumpi wazo hilo. Katika wanaokufa kwa anoreksia, kuna wanaokufa kwa moyo na kuna wanaojiua.

Mzee_wa_Zamu

Swali fupi: akishaanza kula na uzito kurudi, ndiyo amepona?

Dada_Mkubwa

Hapana kaka, na hapo ndipo familia nyingi zinapolegeza mkono. Yule mwimbaji wa Marekani Karen Carpenter alifariki Februari 1983 akiwa na miaka 32, moyo ulishindwa wakati alikuwa ameshaanza kurudisha uzito. Mwili unatangulia, akili inafuata nyuma kwa miezi, wakati mwingine miaka. Mdogo wangu alipofikia uzito wake ndipo alipoumia zaidi moyoni, kwa sababu sisi tulishangilia na yeye bado alikuwa anakiogopa kipande cha mkate. Sasa ni mwaka wa nne. Anakula nasi. Kuna siku anarudi nyuma, hasa akiwa na mawazo, na anatuambia mwenyewe.

Kivuli_Changu

Nimepimwa leo asubuhi. Potasiamu iko chini, wamenibakiza hospitali niongezewe. Daktari hakuniuliza uzito, alianza na meno. Sista, nimemwambia vilevile ulivyonielekeza.

Mama_Jioni

Pole mpendwa, Mungu akusimamie hapo ulipo.

Na mimi nimezungumza na binti jana, tukiwa garini kama dada alivyosema. Alilia tu. Miadi ni Jumatatu saa tatu asubuhi. Nimemwambia nitaingia naye, hakukubali, ila hakukataa. Nimeviandika vipimo vyote kwenye karatasi. Nina swali moja bado: wadogo zake wana miaka 9 na 11, wameona kila kitu. Niwaambie nini, na niwaambie wote pamoja au mmoja mmoja?

Mwl_Subira

Mama, mmoja mmoja, anza na huyo wa 11. Nakuandikia kirefu jioni nikitoka darasani.